Fundi Hamissi Amenuna

Pale Buyenzi, mtaa mmoja wa Bujumbura, mtu mwenye gari lililobonyea hakurupuki tu kuingia garaji ya Fundi Hamissi. Kwanza husimama kando ya barabara asikilize nyundo. Nyundo ikilia haraka haraka, na mwenyewe akisikika anazungumza na bati kana kwamba bati lina masikio, basi siku ni njema, ingia, utapewa hata kiti. Lakini nyundo ikilia pigo moja, ikanyamaza, ikalia tena pigo moja, geuza gari lako urudi siku nyingine. Fundi amenuna.

Na kununa alikujua, yule mzee. Wako watu wanaonuna ovyo, asubuhi wamefura, adhuhuri wametaniwa kidogo tu wanacheka hadi magego yanaonekana. Hamissi alinuna kwa ufundi uleule wa kunyoosha bodi za magari, polepole na bila kuacha kona. Aligeuza kigoda kikatazama ukuta, akanywa chai yake akiwa ameupa mji mzima mgongo, wala hakumjibu mtu kwa mdomo. Ukimwuliza jambo, pigo moja la nyundo lilikuwa ndiyo. Akiikwaruza nyundo kwenye bati mpaka meno yakuume, hiyo ilikuwa hapana. Wateja wa zamani walishazoea, wakawa wanaelewana naye hivyo hivyo, na wengine wakidai kazi za siku za kununa ndizo zilizotoka safi zaidi.

Sababu hazikumpiga chenga. Aliwahi kununa kwa kuwa muuza kahawa alimsalimia jirani kabla yake. Aliwahi kununa kwa supu. Mafuta ya gari yalipoadimika mjini, magari yakawa yanalala kwenye foleni za vituo badala ya kugongana barabarani kama yanavyotakiwa, alinuna muda mrefu sana, na hapo hata sisi majirani tulimwelewa, maana fundi wa bodi anakula ajali.

Mkewe, Mwantum, alikuwa na dawa moja tu ya ugonjwa huo. Mwanamke mcheshi, mzaliwa wa Buyenzi kama mama yake na bibi yake, mdomo wake haukujua likizo. Lakini mume akinuna, alimwambia kila aliyeuliza: "Muache. Itapita." Alikuwa amefundwa hivyo alipoolewa, kwamba mwanamume mwenye hasira haguswi, na kumwacha ni kumheshimu. Kisha kweli ilipita, siku moja ghafla unasikia Hamissi anaomba chumvi, na Mwantum huwatazama watu kwa ushindi, kana kwamba ni yeye aliyeipitisha.

Hakuna aliyemwuliza Hamissi kama alikuwa anafurahia. Angekuwa na ulimi siku hizo angewaambia kwamba kununa ni chumba chenye mlango wa ajabu. Kuingia unajiingiza mwenyewe, tena kwa kishindo, lakini ukishakuwa ndani kitasa kiko nje. Unakaa humo unasikiliza watu wanavyopita, unangoja mmoja wao akumbuke kufungua. Nao wanapita kwa kunyata, kwa adabu kubwa, wakiambizana wakuache.

Sasa huyu Hamissi alikuwa na binti, Houda, na Houda alikuwa anaolewa. Bwana harusi, Faridi, kijana wa Buyenzi hapo hapo, alikuwa akifanya kazi Kampala katika duka la vipuri, na ndoa ikiisha tu angemchukua mkewe wakaishi huko. Kampala bila Kiingereza utasalimiana na nani? Kwa hiyo Houda alijiandikisha masomo ya jioni kwa Mwalimu Birindwa, Mkongomani kutoka Uvira aliyekimbilia Bujumbura miaka mingi nyuma, mtu wa koti na tai hata jua likiwa utosini. Birindwa alikuwa na mtindo wake. Hakupenda neno likaririwe tu, alitaka kila mwanafunzi achukue neno moja, aeleze maana yake kwa kumtumia mtu anayemjua, halafu yeye mwalimu aeleze neno hilo lilitoka wapi.

Houda akaangukiwa na neno "moody". Mwalimu alipolifafanua, kwamba ni mtu ambaye moyo wake haukai mahali pamoja, sasa hivi yuko sawa, ukigeuka amekunja uso na sababu anaijua mwenyewe, msichana alihisi kama amepewa zawadi. Akasimama mbele ya darasa akamwigiza baba yake. Akageuza kiti kikatazama ubao. Akanywa chai isiyokuwepo. Akawajibu wenzake kwa kugonga na kukwaruza meza, na darasa likavunjika mbavu.

Hayo yangebaki darasani kama si Léocadie. Léocadie alikuwa mwanafunzi mwenzake Houda, muuza vitenge, na ikatokea, wiki ileile ya harusi, mlango wa gari la mumewe ukabonyea. Akalileta kwa Hamissi. Siku hiyo nyundo ilikuwa inakwenda haraka haraka, fundi mwenyewe anaimba. Léocadie akamtazama kwa furaha ya mtu aliyekutana na mashuhuri.

"Njo we papa wa Houda?" akasema. "Yule wa moody? Tulicheka mpaka machozi, mzee. Anakuigiza muzuri sana."

Na kwa kuwa alidhani anamsifu, akamweleza yote, kigoda, chai, nyundo, na maana ya neno lenyewe kwa Kiswahili safi ili mzee asikose kitu. Alipomaliza, nyundo ilikuwa imenyamaza. Hamissi aliweka chini kile alichoshika, akageuza kigoda, akautazama ukuta. Léocadie akarudi nyumbani akiwa na mlango wake uliobonyea, akishangaa jinsi baba alivyofanana na maigizo.

Hii haikuwa kununa kwa supu. Hamissi alijiona amevuliwa nguo mbele ya watu asiowajua, tena kwa lugha asiyoijua, na aliyemvua ni mtoto wake. Akaapa moyoni kwamba safari hii hasemi mpaka aombwe kama inavyostahili, na watu wazima, wamekaa.

Ubaya ni kwamba hakuna aliyegundua. Nyumba ilikuwa imejaa mashangazi, sufuria za kukodi, hina, viti vya plastiki, na fundi wa hema aliyetaka kujua mti gani afungie kamba. Siku ya kwanza Hamissi alipita katikati ya ghasia hiyo na uso wake uliokunjwa vizuri, akakabidhiwa gunia la vitunguu apeleke uani. Siku iliyofuata alisusa chakula, na wapishi wakashukuru, maana sahani zilikuwa hazitoshi. Mtu akikununia nyumba ikiwa tulivu, nyumba nzima inatetemeka. Ukinuna penye harusi unaonekana tu umechoka.

Mwantum ndiye aliyegundua wa kwanza, na akatoa dawa yake. Lakini safari hii mdogo wake Hamissi, Shakuru, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Shakuru alikuwa mwenye duka la vitambaa, mtu wa maneno mengi ambaye Hamissi hakuwa akimpenda sana hata siku za kucheka. Alisema itapita, sawa, lakini isipopita kabla ya ndoa, nani ataozesha? Walii wa msichana ni baba yake, na kuozesha ni kutamka. Kisha, bila kuombwa, akasema yeye yupo kama itahitajika, na tayari alikuwa amepiga pasi kanzu. Jirani mmoja anaapa alimsikia bafuni akijaribu yale maneno kwa sauti ya ukumbini.

Houda aliposikia hayo alikimbia garaji, mikono ikiwa na hina mbichi, akiiinua juu kama mtu aliyekamatwa. Alikwisha kuambiwa na Léocadie kilichotokea. Alisimama nyuma ya mgongo wa baba yake.

"Papa, unisamehe," akasema. "Mwalimu alisema kila mutu alete mutu anayemujua. Mi mutu ninayemujua kuliko wote ni we."

Nyundo haikulia, si pigo wala mkwaruzo.

"Sitaki baba mudogo aniozeshe. Nataka sauti yako, Papa. Ata kama umekasirika, useme na kasirani yako."

Hapo Hamissi alisamehe. Lazima isemwe wazi, alisamehe papo hapo, moyo ukamlainika kama nta. Akafungua mdomo kumwambia binti yake kwamba yamekwisha, na mdomo ukakataa. Akashangaa. Alikuwa ameombwa radhi, tena vizuri, na hina mikononi, lakini sauti haikuja. Alipojaribu mara ya pili mashangazi walikuwa wamekwisha kumfuata bibi harusi, wakamvuta warudi naye kabla hina haijaharibika, na Hamissi akabaki na ukuta wake, sasa akiwa na hofu. Alikuwa ananuna bila hasira. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kumpata.

Houda, kwa kuona hakujibiwa, akatuma mtu kwa Mwalimu Birindwa. Aliyeleta neno, alifikiri, aje aliondoe. Birindwa alikuja kwa miguu kutoka Kanyosha, kusini mwa mji, kwa sababu mafuta ya gari yalikuwa yameadimika tena, koti begani, tai shingoni, akakaribishwa na mgongo wa Hamissi. Hakuvunjika moyo, mwalimu amezoea kusema na migongo.

"Mzee, hii neno haikuzaliwa mubaya," akaanza. "Zamani sana, kwa wazee wa Waingereza, ilikuwa neno ya kumusifu mutu."

Akaeleza. Mzizi wake, alisema, ulikuwa ni moyo, ile nafsi inayomfanya mtu asimame, na aliyekuwa nayo kwa wingi aliitwa kwa neno hilo, yaani jasiri, mtu asiyekimbia vita. Wafalme walisifiwa hivyo. Halafu karne zikapita, na ujasiri wa mtu ukaanza kuwaudhi wenzake ukaitwa kiburi, kiburi kikaitwa hasira, hasira nayo ikazeeka ikabaki kukunja uso. Neno limeteremka, mwalimu alisema, kama mtu anavyoteremka kutoka Gihosha mlimani hadi huku chini, kila mtaa anaacha kitu.

Hamissi alisikiliza. Mgongo haukugeuka, lakini mabega yalipanda kidogo, na masikio yakamsimama kwa raha. Jasiri! Alikuwa akijua siku zote kwamba ndani yake kuna kitu cha namna hiyo. Alitamani sana kuuliza ni nani hasa aliyeliharibu neno hilo na kama alichukuliwa hatua, lakini mtu aliyenuna haulizi maswali, hiyo ndiyo shida yake kubwa. Akagonga pigo moja, kwa upole, kumwambia mwalimu aendelee.

Kama Birindwa angeaga hapo, angekuwa amefanya kazi ya wazee kumi. Lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu akiwa na ukweli mfukoni hawezi kulala nao.

"Ila tu mzee, nisikudanganye," akasema. "Leo iyo maana ya shujaa ilishakufa. Leo ni kununa tu."

Mkwaruzo uliofuata ulisikika mpaka sokoni. Birindwa akafunga kifungo cha koti akaanza safari ya kurudi Kanyosha.

Siku ya ndoa ikafika, asubuhi njema. Wanaume walikaa mikekani chini ya hema uani, wanawake walikuwa sebuleni nyuma ya pazia, na harufu ya pilau ilipita kati yao bila ubaguzi. Hamissi aliletwa akakalishwa mbele ya Faridi, amevaa kanzu nyeupe na kofia, uso umekunjwa. Shakuru alikaa karibu mno, amenyoosha shingo, anasafisha koo.

Sheikh akaanza kwa kumuuliza Hamissi kama yuko tayari kumuozesha binti yake. Hamissi akagonga sinia ya kahawa kwa pete yake, pigo moja. Wale wa garaji walielewa, wakaitikia kwa kichwa. Sheikh hakuwa na gari.

"Bwana Hamissi, hapa si garaji," akasema. "Nahitaji kusikia."

Hamissi akagonga tena, kwa heshima zaidi. Sheikh akavua miwani. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka mahali pa ibada, kwamba dini imemruhusu bikira aone haya, akiulizwa akanyamaza kimya chake ni idhini. Lakini kimya cha baba yake, alisema, hakikuandikwa popote. Baba atamke mwenyewe au atamke kwamba amemteua mtu amwakilishe, na kama hataki hata hilo, basi itabidi tutazame njia nyingine. Aliposema njia nyingine macho yake yalimgusa Shakuru, na Shakuru akasogea mbele kidogo juu ya mkeka. Faridi, maskini, alikuwa anatoka jasho hadi kola ya kanzu imelowa. Nyuma ya pazia Mwantum alisikika akinong'ona kwamba wamuache, itapita, na shangazi mmoja akamjibu kwamba ndoa ndiyo itakayopita.

Kisha Houda akasema. Hakungoja kuulizwa, na sauti yake haikuwa na haya yoyote.

"Sheikh, mi nimekubali. Lakini kama Papa ananyamaza, na mi nanyamaza pamoja na yeye, mpaka siku atasema. Na kimya changu leo apana idhini."

Wapishi uani wakaacha kukoroga. Sheikh akarudisha miwani usoni alitazame pazia vizuri, kwa maana katika masomo yake yote hakuwahi kukutana na bikira aliyetangaza mapema maana ya kimya chake. Hamissi aliinua macho akalitazama pazia. Na hapo, mbele ya watu wote hao, akaelewa ni kitu gani kilichokuwa kimemziba koo wiki nzima. Halikuwa lile neno la Kiingereza. Alikuwa anaogopa. Maneno aliyotakiwa kuyatamka ndiyo yatakayomtoa Houda nyumbani, na Houda akishatoka, yeye Hamissi atabaki katika kile chumba chake na hakuna atakayejua kitasa kiko wapi. Hata sasa hivi, akiwa bibi harusi, ni yeye tu aliyekuja mlangoni.

Basi akakohoa. Sauti yake ilitoka na kutu, lakini ilitoka.

"Faridi," akasema, "nimekuozesha mutoto wangu Houda, kwa mahari tuliyopatana."

Faridi akafungua mdomo ajibu, na Hamissi akainua mkono. Alikuwa amekaa na maneno siku nyingi na sasa hayakutaka kuzuiwa.

"Ngoja. Huyu iko na roho kama yangu. Siku moja atakununia, na we hautajua umefanya nini. Watu watakuambia umuache, itapita. Usiwasikilize. Haipitaka yenyewe. Mi tangu huyu mutoto ajue kutembea, nikinuna anakuja anakaa karibu yangu. Haniulizi kitu. Anakaa tu. Njo vile nilikuwa natoka. Mama yake alizani ni siku zimepita, kumbe ni huyu."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Alisema kwamba anampenda sana mtoto wake, na kwamba hajui ataishi vipi, na kwamba hayo yote angeyasema zamani kama mtu mwingine naye angekaa chini karibu yake. Wanaume walitazama mikeka. Shakuru mwenyewe alikuwa amesahau kanzu yake, analia waziwazi, maana alikuwa ndugu yake, na yeye pia siku zote aliambiwa amwache.

Sheikh alingoja mpaka mzee akamaliza. Kisha akasema kwa upole kwamba maneno ni mazuri, Mungu ayabariki, lakini kuozesha na kukubali hakutakiwi kutenganishwa na hotuba. Jibu lilitakiwa kuja moto moto, na sasa limepoa. Itabidi Bwana Hamissi atamke tena tangu mwanzo.

Watu wakaguna. Mtu alichukua wiki nzima kusema mara moja, na sasa anaambiwa mara mbili. Wakamtazama Hamissi usoni, wakaona mikunjo inaanza kurudi mahali pake.

Pazia likasogezwa. Mwantum akatoka, kanga kichwani, akapita katikati ya wanaume ambako hakuwahi kupita siku yoyote ya ndoa yoyote, akafika mkekani kwa mumewe. Shakuru akasogea kumpisha. Wote tulijiandaa kusikia, maana mwanamke yule hakuwahi kufika mahali bila maneno.

Hakusema kitu. Alikusanya kanga yake, akakaa karibu naye, akatulia hapo.

Hamissi akamtazama, mikunjo ikaanza kulegea. Kisha akageukia Faridi akasema yale maneno mara ya pili, yote, kwa sauti iliyofika barabarani, na Faridi akajibu amekubali kabla baba mkwe hajavuta pumzi.